Usiniambie Nibaki Mbichi

Kuna neno moja limekaa kwa mdomo wa kila mtu anayeongelea sanaa ya Eastlands, na mimi nimechoka nalo. Raw. Eti kazi yako iko raw. Eti msee usiguse kitu, hiyo ndiyo inauza. Kwa Kiswahili hilo neno ni mbichi. Nyama mbichi. Ndizi mbichi. Na rangi mbichi, ile ukiegemea ukuta inabaki kwa shati.

Leo naongelea rangi, haswa oilstiki, vile vijiti vya rangi ya mafuta ambavyo vimejaa kwa simu zetu. Unajua video ninayosema. Msee anafungua boksi polepole, anasugua kijiti kwa karatasi, muziki unapanda, halafu anaangalia kamera na kusema hakuna sheria, fuata roho yako tu. Sekunde arobaini, imeisha. Dogo wa form three hapa Masimba anaona hiyo, anakaa bila lunch wiki nzima ndio anunue kijiti kimoja.

Mimi nasema hiyo "hakuna sheria" ni uongo, na ni uongo unaotuumiza sisi kuliko unavyomuumiza mtoto wa Lavington. Yeye akiharibu kijiti atanunuliwa kingine. Yeye ako na chumba cha kuchorea, dirisha kubwa, na mahali pa kuacha kazi ikauke mwezi mzima bila mtu kuiangusha. Wewe uko kwa keja moja na ndugu wawili, jiko kwa kona, na hicho kijiti kimekula zaidi ya thao. Sasa nani kati yenu anahitaji kujua ufundi zaidi?

Nitasema mapema ndio usinielewe vibaya: mimi si mtu wa kutetea darasa. Chuo nilitoka mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini kutoka darasani si kutoka kwa ujuzi. Hivyo ni vitu viwili, na kuna watu wanapenda tukivichanganya.

Kwanza jua umeshika nini

Oilstiki inafanana na krayoni, na hapo ndipo shida inaanzia. Ndani kuna vitu vitatu: unga wa rangi, mafuta ya mbegu za kitani, yale fundi wa mbao huita linsidi, na nta ya kuyashikanisha mpaka yasimame kama kijiti. Maana yake hiyo ni rangi ya mafuta kamili, dada yake ile ya kwa tyubu. Tofauti ni kwamba hii unaishika na mkono bila brashi.

Usiichanganye na oili pasteli. Pasteli za mafuta zilianza kuuzwa na kampuni ya Sakura ya Japani mwaka wa 1925, zikilenga watoto wa shule, na mwaka wa 1949 Sennelier wa Ufaransa wakatengeneza za wasanii baada ya Picasso kuzitaka. Pasteli ina mafuta yasiyokauka. Rudi baada ya miaka kumi uiguse, bado itashika kidole. Oilstiki inakauka na kuwa ngumu. Nimeona watu wenye wafuasi laki na kitu wakiziita jina moja, halafu dogo ananunua pasteli ya bei rahisi akingoja ikauke. Atangoja mpaka Yesu arudi.

Na inakauka vipi? Si kama nguo kwa kamba. Nguo inapoteza maji. Mafuta ya linsidi hayapotelei popote, yanavuta oksijeni kutoka kwa hewa na kugeuka kuwa ngumu. Hiyo kazi inataka muda. Koti nyembamba inaweza kuchukua siku mbili mpaka wiki, na koti nene wiki kadhaa. Ile baridi ya Julai inachelewesha zaidi.

Hata kijiti chenyewe kinakauka kwa nje. Kinajifunga ngozi. Kila siku napata msee anasema kijiti chake kimekufa, hakiandiki. Hakijakufa. Chukua kisu kidogo ama kitambaa kikavu, menya ile ngozi kwa ncha, na rangi iko pale ndani laini kama siagi. Kesho ngozi itarudi, na hiyo ni sawa, kwa sababu ndiyo inazuia kijiti kizima kuwa jiwe.

Basquiat hakuwa mbichi

Kila nikianza hii story, lazima mtu anitolee Basquiat. "Buda, Basquiat alichora kama mtoto na akauza mamilioni."

Sawa, tuongee Basquiat. Jean-Michel Basquiat, mtoto wa Brooklyn, baba kutoka Haiti, alizaliwa 1960, akafa 1988 akiwa na miaka 27. Ile picha yake ya kichwa, ya mwaka wa 1982, iliuzwa Sotheby's kule New York Mei 2017 kwa dola milioni 110.5. Ndani yake kuna akriliki, rangi ya spray, na oilstiki. Kwa hivyo ndiyo, kijiti unachodharau kimeshafika huko.

Lakini mbona hamsemi ile nusu ingine? Mamake alikuwa akimpeleka makumbusho tangu akiwa mdogo. Mwaka wa 1968, akiwa na miaka saba, aligongwa na gari, na akiwa hospitalini mamake akamletea kitabu cha anatomia, *Gray's Anatomy*. Yale mafuvu, mbavu na majina ya viungo yanayojaa kwa kazi zake hayakutoka hewani. Ndiyo, aliacha shule. Hakuacha kusoma. Alichora mstari unaoonekana wa haraka kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea, na macho yake yalikuwa yameshakula picha nyingi kuliko walimu wake.

Kwa hivyo ukiniambia "Basquiat hakufuata sheria," mimi nasikia tu kwamba hujamsoma.

Mtaa wetu hauko mbichi

Hii ndiyo sehemu inanikasirisha zaidi. Wanaoongea kuhusu ubichi wa mtaa hawajawahi kukaa mtaani wakaangalia watu wakifanya kazi.

Tembea kutoka Kayole Junction ukiingia ndani. Mtafute fundi wa rangi ya nyumba. Mwambie akupakie glosi juu ya ukuta mbichi wenye vumbi bila andakoti. Atakucheka. Atakuambia ukuta upigwe msasa kwanza, vumbi itolewe, andakoti ikauke, halafu koti mbili. Hajasomea Paris. Anajua tu kwamba usipofanya hivyo, baada ya mvua moja glosi itatoka kama ngozi ya kiazi na mwenye nyumba atakuja kumtafuta.

Ama nenda mahali wanachora mathree. Ile sura ya msanii unayopiga nayo selfi kwa 19/60 haikupakwa kwa bodi tupu. Bodi imenyooshwa, ikapigwa fila, ikapigwa msasa, ikapigwa prayima, ndio mchoraji akafungua spray. Hiyo kazi inakula jua, mvua, matope ya Spine Road na makanga wakiigonga siku nzima, na bado inang'aa. Hapo hakuna kitu mbichi. Huo ni ufundi uliopitishwa mkono kwa mkono bila cheti.

Kwa hivyo ufundi si kitu cha mabeshte wa Westlands tunachoazima. Tuko nao hapa, kila siku. Ni msanii mchanga tu anayeambiwa auache, eti ndio aonekane wa ukweli. Mbona fundi wa mathree hakuna mtu humwambia abaki mbichi? Kwa sababu mwenye gari analipa pesa zake na anataka kazi idumu.

Kuna jamaa hununua kazi za vijana, jina lake silitaji. Aliangalia kazi yangu kwa kanvasi iliyoandaliwa vizuri, akaniambia angependa zaidi nikichora kwa katoni tupu, eti hiyo ndiyo stori yangu. Kisha bei aliyonipa ya katoni ilikuwa chini ya nusu. Sasa fikiria hiyo hesabu. Kazi ambayo haitadumu inanunuliwa kama zawadi ya mtalii, hainunuliwi kama kazi ya sanaa. Ukikubali kubaki mbichi, umekubali pia bei ya mbichi.

Venye inafanya kazi

Nimekaa na oilstiki miezi kadhaa, nikijaribu makusudi vitu tofauti. Hii ndiyo nimeona, na unaweza kujaribu mwenyewe.

Nilichukua vitu vinne: katoni, karatasi ya manila, plywood tupu, na kanvasi iliyopakwa jeso, ile prayima nyeupe ya wasanii. Nikachora mistari sawa kwa zote. Baada ya wiki chache, katoni ilikuwa na duara la mafuta kuzunguka kila mstari, kama karatasi iliyofungiwa chipo. Manila ilikuwa imepitisha mafuta mpaka nyuma. Plywood ilinyonya mafuta, rangi ikabaki imepauka. Kanvasi ya jeso ilikaa fiti. Mafuta yakiingia kwa karatasi ama kitambaa moja kwa moja, miaka ikienda yanakula nyuzi mpaka zinakatika. Jeso ndiyo ukuta katikati. Hiyo ndiyo andakoti yako. Inafanya kazi hata kwa katoni na plywood, kwa hivyo ukipenda katoni, chora kwa katoni. Ipake tu jeso kwanza, pande zote mbili ndio isijikunje.

Sheria ya pili: mafuta hukaa juu ya akriliki, akriliki haikai juu ya mafuta. Ukitaka kujaza mandhari haraka, tumia akriliki chini, ikauke, halafu kijiti kiingie juu. Ukigeuza, akriliki itamenyeka. Na ukipanga makoti ya mafuta, ile yenye mafuta machache iwe chini na yenye mafuta mengi iwe juu. Chini ikikauka baada ya juu, juu inapasuka kama matope ya Soweto Januari.

Sasa mkono. Ncha inakupa mstari. Ubavu wa kijiti unakupa eneo pana, na kama kanvasi ina chembechembe, rangi inashika vilima tu na kuacha mabonde, unapata vumbi la rangi nzuri sana. Ukitaka kulainisha, tumia kidole ndani ya glavu ama kitambaa, kabla haijaanza kufunga ngozi. Ukitaka rangi iteleze kama ya brashi, chovya brashi kwa linsidi kidogo na uvute kutoka kwa mstari ulioshachora.

Kukwangua ni mbinu ninayoipenda zaidi. Weka rangi moja, iache ikauke siku kadhaa, weka ingine juu, halafu ikiwa bado mbichi kwangua na kitana, msumari, ama kadi ya ATM iliyoisha muda. Rangi ya chini inachungulia. Hapa ndipo unaona faida ya kungoja, kwa sababu usipongoja, zote mbili zinachanganyika kuwa tope.

Na kuna kusugua. Weka kitambaa chembamba ama karatasi imara juu ya kitu chenye sura, kama mabati, geti ya chuma yenye maua, ama kifuniko cha mita ya maji, halafu pitisha ubavu wa kijiti juu kwa upole. Sura ya kitu inatokea. Kayole nzima ni maktaba ya hizo sura na hazilipishwi. Kwa stensili, usisukume rangi kuelekea ndani ya ukingo wa chini. Weka rangi kwa stensili yenyewe, kisha ivute na brashi ngumu kutoka kwa stensili kuingia kwa kitambaa, ukingo utatoka safi.

Ukidhani vijiti ni vya vitu vidogo tu, mtafute Richard Serra, Mmarekani wa zile kazi kubwa za chuma. Alikuwa akiyeyusha vijiti vyeusi kuwa bonge kubwa na kufunika ukuta mzima weusi mtupu.

Hii sehemu usiiruke

Video za "hakuna sheria" hazisemi kitu kuhusu moto. Mimi nitasema, kwa sababu ploti zetu zimebanana na moto wa keja moja ni moto wa watu wote.

Nilisema mafuta ya linsidi yanakauka kwa kuvuta oksijeni. Yakifanya hivyo yanatoa joto. Kwa kanvasi, joto linaenda hewani, hulihisi. Lakini kitambaa kilicholowa linsidi, kikikunjwa na kutupwa kwa kona ama kwa ndoo ya takataka, kinaweka lile joto ndani. Linapanda. Kitambaa kinaweza kushika moto chenyewe, bila kiberiti, bila waya, saa kadhaa baada ya wewe kulala. Si hadithi, mafundi wa mbao wanaijua vizuri. Kwa hivyo kitambaa chako kitandaze nje kikiwa kimenyooka mpaka kikauke na kuwa kigumu, ama kiloweshe maji kabla ya kukitupa. Kila mara.

Tapentaini na thina zina mvuke unaoshika moto. Kwa chumba chenye jiko, usizifungue. Hata huzihitaji. Mikono unaweza kuisafisha na mafuta ya kupikia kisha sabuni. Na usishike vijiti mikono mitupu halafu ule mandazi: rangi zingine zina kadmiamu ama kobalti, na hizo hazifai kuingia mwilini. Soma lebo, vaa glavu.

Hizi ndizo sheria ambazo eti hazipo.

"Lakini vifaa ni ghali"

Ni ghali, sikatai. Ndiyo sababu nasema usipoteze hata kimoja. Na kuna njia ingine ambayo wale wa kufungua boksi hawatakuonyesha, kwa sababu haina boksi.

Rudia vile vitu vitatu: rangi, linsidi, nta. Linsidi inauzwa kwa hadweya. Nta ya nyuki inatoka kwa wafugaji wa nyuki hapa hapa Kenya. Rangi? Ile oksaidi nyekundu watu huweka kwa sakafu ya simiti ni oksaidi ya chuma, na oksaidi za chuma ni kati ya rangi zinazovumilia jua kuliko nyingi za duka. Kuna nyekundu, njano na nyeusi. Funga mask, saga unga na linsidi mpaka uwe laini kabisa, yeyusha nta ndani ya kopo lililokaa kwa maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, changanya, ukiongeza nta kidogo kidogo mpaka tone likipoa lishikike bila kuyeyuka mkononi. Mimina kwa karatasi iliyokunjwa kama bomba. Ngoja siku chache. Hakitalingana na cha Ufaransa, lakini kitaandika, na utajua kilicho ndani yake kuliko yule aliyekinunua.

Hata kanvasi si lazima itoke mbali. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984, anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, gome la mti wa mutuba ambalo Waganda hupiga kwa nyundo za mbao mpaka liwe kitambaa. Lina mashimo na mishono, na yeye anayaacha yaongoze picha. UNESCO ilitambua ufundi wa lubugo mwaka wa 2005. Mtu wa nje anaweza kuita hiyo mbichi, lakini kuanzia kukata gome mpaka kulipiga hakuna hatua hata moja ya kubahatisha.

Mwisho

Najua jibu linakuja: ufundi unaua roho. Niambie basi, Wajukuu walipoteza roho lini? Kikundi cha Mukuru, ndani kabisa ya Lunga Lunga, kilienda documenta ya 15 kule Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2022, kikajenga mlango wa kuingilia kwa mabati. Mabati yale yale ya kwetu. Lakini yalipimwa, yakafungwa, yakasimama, na watu kutoka dunia nzima wakapita chini yake. Mabati yasiyopimwa yangewaangukia.

Roho yako iko salama. Haiwezi kuuawa na koti ya jeso. Kinachoweza kukuua kisanaa ni kufika miaka thelathini ukiwa na rundo la kazi zilizooza, na mtu anakupigia makofi kwa sababu ulibaki vile alivyokupata.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kununua kijiti kingine, tafuta fundi wa rangi wa ploti yenu. Mnunulie chai. Muulize mbona anaweka andakoti. Halafu chora kitu kimoja, kwa oilstiki ama chochote ulicho nacho, na usikiposti leo. Kiache siku saba. Kiguse na kidole. Kikiwa kimekauka, sasa tuonyeshe.